Makinda Ndani ya Spika

Kamera ilikuwa ya mteja aliyekataa kurudi kuichukua, na spika ilikuwa yangu tangu enzi nilipokuwa napiga muziki kwenye harusi za watu. Ilipokufa niliipigilia ukutani nyuma ya nyumba, nikidhani siku moja nitaitengeneza. Mimi ni mtu wa kudhani. Ndege wawili, kwezi, wakaiona kabla sijaigusa, wale weusi wa bluu wenye tumbo la rangi ya kutu, wakaingilia kwenye tundu la mbele na kuanza kubeba nyasi. Nikatia kamera ndani, kona ya nyuma, nikaiunganisha na simu ya mke wangu pamoja na yangu.

Nilifanya hivyo kwa ajili yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika, na hii ya tatu hakutaka hata tuitaje. Daktari aliagiza apumzike. Sasa mwanamke aliyezaliwa kijijini Nkoma, aliyekulia katikati ya pamba, kumwambia apumzike ni kama kumwambia ng'ombe avae viatu. Lakini ndege walimweza. Alikaa barazani na simu yake mchana kutwa, akinisimulia jioni nani kaingia, nani katoka, nani mvivu.

Mayai yalikuwa matatu. Yalipoanguliwa yote, alinipigia simu kwenye kibanda changu cha ufundi sokoni, Bariadi mjini, katikati ya kazi.

"Wametoka wote," akasema. "Hawa wakikua, na wangu atakua."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. Moyo wangu uliingiwa na ubaridi, maana kinda la ndege ni kitu cha kufa tu, paka akipita, mvua ikizidi, basi. Afadhali ningeing'oa kamera siku ileile. Sikuing'oa.

Nyuma ya nyumba yetu nina shamba la pamba, si kubwa. Bwana shamba amekataza kuchanganya pamba na kunde, na sisi sote humwitikia vizuri sana kisha tunachanganya. Ila kwetu kuna utaratibu wake. Mistari minne iliyo karibu na jiko ni mistari ya mboga, na bomba la dawa ya wadudu halipiti hapo. Pamba yake ikiliwa na funza, iliwe. Mama yangu alilima hivyo, na mama yake pia. Majani ya kunde ya mistari hiyo ndiyo tunayopika mabichi, na yanayobaki tunachemsha na kuanika yawe nsansa ya kiangazi. Mtu anachuma bila kuuliza kitu.

Jumanne moja mke wangu alikwenda kliniki na mama yangu. Mimi nikapiga dawa. Funza walikuwa wamezidi, kila kitumba kina tundu. Nilipomaliza shamba, ndani ya bomba kulibaki kama lita tatu. Kuimwaga dawa chini, roho iliniuma. Nikatazama ile mistari minne, na huko nako funza nawaona kwa macho. Nikajiambia mvua ya jioni itaosha. Nikapita nayo yote, mstari wa kwanza mpaka wa nne, nikasuuza bomba, nikaoga. Sikumwambia mtu. Mvua haikunyesha.

Jumatano kinda mmoja alikuwa anatetemeka shingo. Mke wangu alisema labda ana baridi. Alhamisi asubuhi nilifungua simu yangu kabla hajaamka. Wawili walikuwa wamelala chali, miguu ikichezacheza. Wa tatu alikuwa ameachama, na mama yake alikuwa anamwekea funza wa kijani mdomoni, funza anadondoka, anamwokota, anamwekea tena. Nikaona kinda akitulia, kisha na wale wawili wakatulia. Kwezi yule akasimama juu yao muda mrefu na funza wake. Mwisho akammeza mwenyewe.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachomoa waya.

"Kamera imegoma," nikamwambia mke wangu alipoamka.

"Fundi wa kamera, halafu yako ndiyo igome?"

"Nitaitazama. Lakini nimechungulia kwa macho yangu. Wazima wote, wanapiga kelele mpaka basi."

Alitabasamu. Nilijiona mume mwema, Mungu anisamehe. Niliogopa kwamba akijua, hofu peke yake itaiangusha mimba. Ijumaa tulikula ugali kwa majani ya kunde, nami nikala, na nikaongeza.

Jumamosi, kibandani, kazi zilikuwa chache. Nikarudisha picha za nyuma zilizobaki kwenye simu yangu ili nimwone mwuaji. Nilitaka awe nyoka. Nyoka ningemtafuta nikamuua, mambo yakaisha. Nikaanzia Jumatano. Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na kwezi akiingia na funza, akitoka, akiingia na funza. Na kila alipotoka, tundu la spika lilibaki wazi, na kupitia tundu lile ilionekana mistari yangu minne.

Kwenye mstari wa kwanza alikuwepo mke wangu, kainama, mkono mmoja kiunoni, ungo chini. Kwezi akatua hatua mbili kutoka kwake. Yeye akachuma jani, ndege akachomoa funza. Hawakuogopana. Ndege aliruka kurudi kwa wanawe na mke wangu akabeba ungo kwenda jikoni.

Niliacha kibanda wazi. Bodaboda aliniuliza mara mbili tunakwenda wapi.

Nilimkuta kakaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mama yangu kando yake, majani yameanikwa mbele yao kwenye mkeka.

"Leo mtoto amecheza?" nikauliza, hata salamu sikutoa.

Akaweka mkono tumboni. "Tangu jana mchana katulia. Nilidhani amelala."

Nikawaambia. Bomba, lita tatu, mistari yote minne. Mama aliokota jani moja, akalinusa, akaliweka chini, akafuta vidole vyake kwenye udongo.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "hata ya mboga?"

Mke wangu hakuuliza habari ya dawa. "Na ndege?"

"Wamekufa. Alhamisi."

"Wote?"

"Wote."

"Nimechuma Alhamisi jioni," akasema taratibu. "Nimechuma jana. Mimi ni mtoto wa pamba. Ungeniambia ndege wamekufa, nisingegusa hata jani."

Nikakimbilia barabarani kutafuta gari la kutupeleka hospitali.

Hospitalini nesi alisema hawezi kujua kama ni dawa au si dawa, kwanza alale apimwe. Akaweka kile kipimo chao cha mbao tumboni, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Mama alikuwa akinong'ona sala kwa Kisukuma kando ya ukuta. Nilimwangalia nesi usoni nikitafuta chochote, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini tu. Alipokihamisha mara ya nne alitulia, kisha akanipungia mkono.

"Njoo baba. Weka sikio hapa, usipumue."

Nikasikia. Kwa mbali sana, haraka haraka, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu kutoka kwako. Nikainua kichwa, machozi yananitoka bila aibu, nikamshika mke wangu mkono.

"Yupo," nikamwambia. "Mzima. Moyo unakwenda."

Alinitazama, macho makavu. Akautoa mkono wake taratibu na kumgeukia nesi.

"Nesi, naomba useme wewe," akasema. "Huyu hata Alhamisi aliniambia wazima."