Vichujio vya Mke Wangu

Mke wangu alipoanza kuvimba, mtaa mzima ulinipongeza. Huku Shituru, mjini Likasi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, mshahara ukichelewa mashavu ya mama wa nyumbani hubonyea, na ukitoka majirani huusoma usoni mwake. Basi uso wake ulipojaa, wakaamua kwamba nimelipwa.

"Papa, salaire iliingia! Mama ananona!"

Nami, mtu wa kujisifu hata bila sababu, nikatembea kifua mbele.

Jumapili moja viatu vyake vya kwaya vikakataa kuingia. Nilimbonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki kishimo, kama kwenye bukari, ugali wetu wa huku, iliyoanza kupoa. Hakikuinuka. Daktari wetu wa Likasi alipima mkojo wake, uliokuwa ukitoa povu, akatutuma Lubumbashi kwa biopsi: sindano inaingia mgongoni na kutoa kipande cha figo chembamba kama uzi wa kushonea. Majibu ndiyo yangesema kama figo zitaokolewa kwa dawa, au kama maisha yake yote yaliyobaki yatategemea mashine ya kusafisha damu. Sijui kungoja. Siku zile nilifokea hata kuku.

Tulipoitwa kupokea majibu, daktari wa maabara, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitukalisha mbele ya kompyuta.

"Papa, angaria. Hizi tu-boule tudogo njo zenye kuchuja damu yake."

Niliona vidonge vya rangi ya waridi, mviringo kama shanga, kila kimoja kimesukwa kwa mishipa myembamba ajabu. Mimi kazi yangu yote kiwandani imekuwa kwenye vichujio. Najua kitambaa kinavyoziba na kinavyopasuka, na kelele za pampu zimeniharibia masikio. Hapa hapakuwa na kelele yoyote. Mwanamke huyu alilala kando yangu miaka yote akiwa na kiwanda kizima mgongoni, hakina zamu wala msimamizi, nami sikuwahi kukiwazia. Nilishangaa mpaka machozi yakanilengalenga. Nikavua kofia.

"Eh! Unavua kofia mbele ya ma-rein yangu," mke wangu akasema, maana figo anaziita hivyo. "Mbele yangu miye, weye hauvuake."

Daktari alicheka, kisha akasogeza picha. Kidonge kimoja kilikuwa na doa gumu pembeni. Lilikuwa kovu.

"Wakati nilianza kazi," akasema, "mu ma-biopsi ya inchi yote tulikuwaka tunaona mingi ile maladi yenye kukamata figo kisha koo kuuma ao bidonda ya ngozi. Sasa ile inapunguka. Hii ya kovu njo inaongezeka."

"Juu ya nini?" nikauliza sababu, kwa ukali kidogo, kama vile yeye ndiye aliyeileta.

"Pengine maisha inabadilika. Pengine sisi njo tunajua sasa kuangaria muzuri. Bado hatujue, papa."

Hilo nalo lilinishangaza: magonjwa yanahama katika nchi nzima, moja linaondoka na jingine linaingia, kimya kimya, ndani ya migongo ya watu wanaokwenda sokoni. Mke wangu hakuwa na habari na nchi nzima. Alikuwa akitazama vile vidonge vingine.

"Na hizi zenye hazina kovu?"

"Zinatumika kazi yao muzuri, mama. Njo hizo tutachunga."

Tulirudi na dawa, na tangu hapo nyumbani kwetu chumvi imekuwa mgeni. Bukari na matembele bila chumvi ni adhabu, lakini nakula naye. Kila asubuhi kabla ya kazi nambonyeza mguu. Kwa muda mrefu kishimo kilibaki pale pale.

Leo nimebonyeza, na nyama imepanda yenyewe, polepole, mpaka kishimo kikafutika. Nimerudia mahali pengine, nayo imepanda.

"Iyo kofia iko mu mukono," ameniambia. "Ni juu ya ma-rein tena?"

"Hapana, mama," nimesema. "Ni juu yako."