Ukungu wa Chumbani Kwetu

Susuni, kijijini kwetu huku milimani, ukungu ni kitu cha kawaida. Asubuhi unatoka nje humwoni hata ng'ombe wako, unasikia tu anapumua. Lakini ninaoandika hapa ni ule mwingine, wa ukutani, mweusi, wenye harufu ya viatu vilivyolowa. Kwa Kiswahili vyote viwili jina ni moja, na jina hilo lilinitoa jasho.

Ilikuwa masika. Mke wangu alianza kukohoa kila akilala. Nyumba yetu ni ya matofali na bati, watoto walitujengea, ina madirisha ya vioo. (Ile ya nyasi niliyojenga mwenyewe nikiwa kijana mchwa waliimaliza, lakini hayo tuyaache.) Basi mke wangu akampigia simu binti yetu aliyeolewa Nyamongo. Mtandao wa huku unakatakata, nikamsikia akipaza sauti: "Ukungu umeingia mpaka kitandani, mwanangu! Kifua kinabana!"

Binti akajibu, "Fungeni madirisha, mama! Vaa sweta!"

Tukafunga. Tena mimi, ninavyowatii watoto waliosoma, nikaziba na matundu ya hewa kwa magunia. Nguo mbichi tukaanika humo humo ndani, maana nje mvua. Ukuta nyuma ya kitanda ukawa mweusi kama tako la sufuria. Kikohozi kikazidi. Siku moja mke wangu akabeba blanketi lake akahamia jiko la nje. Alisema heri moshi, moshi anaujua.

"Unaniacha, mama?" nikamuuliza.

"Sikuachi wewe, mzee. Naacha ukuta wako."

Nilicheka, lakini usingizi haukuja. Wanaume wa Kikurya hatusemi mambo haya. Mimi nimeshazeeka, nasema. Niliikumbuka ile miguu yake ya baridi.

Binti akaja na bodaboda kumwona mama yake. "Shikamoo, baba," akasema huku anafungua chumba. Marahaba yangu ikabaki mdomoni, ameshashika pua. "Kumbe ukungu wenyewe ni huu? Mimi nilidhani ule wa mlimani!" Tukacheka sote, mpaka mama yake akashikwa na kikohozi.

Akang'oa magunia, akafungua madirisha. Tukavuta kitanda mbali na ukuta. Bati lililokuwa linavuja pale juu likazibwa kwa lami. Alitaka kusugua yeye, nikamnyang'anya brashi: mke ni wangu. Nikajifunga kitambaa puani, nikasugua kwa sabuni na siki, nikakausha kwa tambara.

Kila jioni mke wangu alikuja kuweka pua ukutani, kama mtu anayenusa maziwa ya jana. "Bado." Anarudi zake jikoni. Kesho yake nasugua tena.

Jua lilipowaka siku kadhaa, akaja akanusa. Akainama akanusa na kona ya chini. Alitoka akarudi na blanketi, linanuka moshi vibaya sana, akalitandika upande wake.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.