Nilivyowatetea Wakushi ukweni Matombo, mama mkwe akaniuliza swali moja

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepitia ule uzi wa Wakushi, kurasa nzima mnatukanana nani mjukuu halisi wa Nuhu. Mbavu sina!

Yangu ni ya kweli tupu, maana aliyeumbuka ni mimi mwenyewe.

Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa ticha kijana huko Matombo. Nilitoka mkoa mwingine, kwetu ukoo ni wa baba. Nikaoa Mluguru, tukapata binti.

Kitovu hata hakijadondoka, kaka wa mke wangu akaja na tabasamu: "Mwalimu, hongera. Mtoto huyu ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la migomba atapata huku kwetu."

Nilipandwa na hasira! Mwanangu mwenyewe, mimi nahesabiwa mpita njia?

Sasa, jioni nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, na mama mkwe alikuwa mwanafunzi wangu. Mlangoni namwamkia shikamoo, ndani namsahihishia daftari.

Nikaona nimalizie ubishi hapo hapo. Nikajaza ubao: Nuhu akamzaa Hamu, Hamu akamzaa Kushi, mshale mpaka kwa babu yangu, mshale mpaka kwangu, kisha kwa binti yangu.

(Mishale ya katikati niliitunga. Msinirushie mawe, hata nyie mnatunga.)

"Ukoo wa Biblia huo," nikasema, kifua mbele. "Baba kwa baba!"

Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo Kushi mama yake nani?"

Nikafungua Mwanzo. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Jasho linanitoka.

"Hajaandikwa, mama."

"Maskini wa Mungu," akasema, tena kwa huruma kabisa. "Sasa shamba alipewa wapi?"

Darasa likavunjika mbavu. Kesho yake kijiji kizima kinaniita Bwana Kushi.

Binti akabaki wa ukoo wa mama yake. Nilinuna mwaka mzima.

Leo nimestaafu. Nalima shamba lile lile, na kila msimu binti yangu ndiye anayenionyesha pa kulima. Hao Wakushi wa ubaoni sijaona hata mmoja akiniletea mkungu wa ndizi.

Funzo: kabla hujarudi kule kumpigania Kushi, andika hapa chini jina la mama yake bibi yako mzaa mama.

Mimi jana nilijaribu kuandika la kwangu. Nimekwama.

Haya, nani anaanza?