Upande wa Ndani wa Gauni

Fundi alikuwa na mikono ya dhahabu na ukurasa wa mtandaoni uliododa. Kila alipomaliza kushona gauni alilitundika ukutani, akalipiga picha, akaandika "Karibuni nyote", na waliokaribia walikuwa ni walewale: mdogo wake, wifi zake, na mzee mmoja asiyejulikana ambaye aliandika "safi sana" hata siku fundi alipoweka picha ya ndoo ya kudekia. Suti za wateja, mtoto wa wifi alipoota jino, mashuka ya kuuza, mkutano wa ukoo, vyote alivitupia pale pamoja. Kuambiwa atenganishe mambo ya kazi na ya nyumbani alikuwa ameambiwa sana, lakini kwake kazi na nyumbani vilikuwa chumba kimoja, kitanda upande huu na cherehani upande ule.

Mdogo wake alikuwa anauza simu dukani na kwa ajili hiyo alijiona profesa wa mitandao.

"Dada, watu wamechoka kuona nguo imening'inia kama imenyongwa," alimwambia siku moja. "Waoneshe kitu ambacho fundi mwingine hana. Waingize ndani."

"Ndani wapi tena?"

"Ndani ya ufundi wako! Zile mbinu zako za siri."

Fundi akacheka, lakini maneno hayo yakamganda kichwani. Mbinu ya siri alikuwa nayo moja iliyozipita zote, na siri yenyewe haikuwa yake.

Ilikuwa ya mama yake mkubwa, dada wa mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyemlea na kumnunulia cherehani ya kwanza. Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa udereva. Mji mzima ulimwita Mama Breki, kwa sababu aliketi kiti cha abiria na mguu juu ya breki ya mwalimu, na akiikanyaga, mwanafunzi aliyekuwa akijidai anajua alibaki ameng'ang'ania usukani na macho yamemtoka. Nusu ya watu waliokuwa wakiendesha magari mjini pale, wakiwemo wakubwa wenye vitambi na madaraka, walianza kwa kugombezwa naye.

Mwaka uliopita alitoweka kwa muda. Watu waliambiwa amekwenda kuwasalimu jamaa. Kumbe alikuwa hospitali ya mbali, ameondolewa ziwa la kushoto kwa ajili ya saratani. Aliyejua ni fundi peke yake, maana ndiye aliyekwenda kumuuguza. Hata mwanawe, mtoto wake wa pekee aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, hakuambiwa.

"Nikimwambia kwenye simu atatupa kazi arudi mbio," alisema mama mkubwa. "Akija likizo nitamkalisha, nimshike mkono, nimwambie mwenyewe. Aone kwanza nimepona, ndipo asikie kwamba niliugua. Mpaka siku hiyo wewe funga mdomo."

Fundi aliufunga. Hilo lazima tumpe haki yake. Kwa mdomo hakuwahi kumwambia mtu.

Tatizo lililobaki lilikuwa mkanda wa gari. Mama mkubwa alijaza pamba kwenye sidiria, na mkanda, ambao unapita palepale kifuani, uliisukuma pamba ile juu kila alipofunga breki. "Mpaka saa ya chakula ziwa limefika kidevuni," alilalamika, akicheka kwa hasira. Fundi alihangaika nalo kama kwamba ni ugonjwa wake. Mwisho akapata dawa: mto mdogo wa duara, pamba nje na mtama katikati ili uwe na uzito wa kutulia, na ndani ya gauni mfuko wa kuushikilia usiende popote. Kitambaa cha mfuko kilitakiwa kiwe kigumu, maana mkanda husugua. Akapekua gunia lake la mabaki, akapata kipande cha pamba nzito, cha buluu chenye miavuli midogo ya njano, akakikata.

Walikwenda kuujaribu mto ule uwanja wa mazoezi, wao wawili tu, asubuhi kabla ya wanafunzi kufika. Fundi alishika usukani na mama mkubwa akakanyaga breki yake kwa nguvu zote. Gari likaruka. Wote wawili wakainamisha vichwa kutazama kifua cha mama mkubwa. Kulia na kushoto vilikuwa sawasawa.

"Tena!" akasema mama mkubwa, na wakarudia, na wakarudia, wakicheka kama wendawazimu, mpaka kicheko cha mama mkubwa kikageuka kilio naye fundi akamkumbatia palepale juu ya gia. Toka siku hiyo kila gauni lake lilishonwa na mfuko wa miavuli ndani.

Basi siku moja gauni mojawapo lilikuwa limerudishwa kwa fundi lirekebishwe mfuko. Alikuwa peke yake, mwanga mzuri unaingia dirishani, na simu ipo mezani. Maneno ya mdogo wake yakamrudia. Akawaza: nikifundisha hiki kitu, ni wanawake wangapi watapumua? Na hapo hakuwa anajidanganya. Alilipindua gauni, upande wa nje ukaingia ndani, asije mtu akaitambua nguo. Uso wa mtu haukuwemo, jina halikutajwa. Aliongea taratibu, kwa upendo, akionesha mto, mtama, mshono wa mfuko, na jinsi mkanda wa gari unavyopita. "Nina mteja wangu mmoja ninayempenda sana," ndivyo alivyosema, na hata alijisifu kimoyomoyo kwa jinsi alivyojua kutunza siri.

Fundi yeyote angekosea vilevile. Kwa fundi nguo ina uso, na uso wake uko nje. Kwa ndani anaona mishono tu, kama imenyooka au imepinda. Mabaki ni mabaki, na lile gunia lake halina historia. Kwamba kipande kile cha miavuli kilibaki siku aliposhona makava ya viti vya gari la Mama Breki, hilo lilikuwa limemtoka kabisa. Na kila mtu aliyewahi kujifunza udereva mjini pale aliikalia miavuli ile, akaitolea jasho na kuitazama pembeni mwa jicho huku akigombezwa.

Asubuhi iliyofuata simu ya fundi ilikuwa haishikiki. Video ilikuwa imevuka mipaka. Wanawake asiowajua, wa miji asiyoijua, walimwandikia kwamba wamelia. Mmoja alisema mama yake hajatoka nje tangu upasuaji na leo ameomba sindano na uzi. Fundi alisoma akalia na yeye, machozi ya furaha, ya kweli kabisa. Mdogo wake alipiga simu akipiga kelele, "Dada, umetoboa! Umetoboa!" Na kichwa, kusema haki, kikaanza kuvimba.

Mchana, akiwa anakula huku anasoma, akakutana na maneno haya chini ya video: "Jamani hiyo miavuli mbona naifahamu, nimeikalia hadi nikapata leseni." Na vikatuni viwili vya kucheka.

Akalirudisha tonge sahanini. Alielewa papo hapo, hakuhitaji kufafanuliwa. Kidole kilikwenda chenyewe hadi mahali pa kufutia video, kikasimama.

Wakati huohuo ujumbe ukaingia. Mwenye duka kubwa la nguo za kike, ambaye fundi alikuwa akipita mbele ya vioo vyake bila kuthubutu kuingia, aliandika kwamba ameiona video, anataka waongee, anataka mito ile na magauni yake, mengi. "Iache ienee," aliandika, "mimi mwenyewe nimeisambaza."

Fundi akaifuta ile komenti. Video akaiacha. Akajiambia aliyeandika ni mmoja tu. Akajiambia nani anasoma maoni yote, na kwamba ataiondoa jioni, ikishapoa. Alikuwa akiitazama namba ikipanda na kila ilipopanda alijiambia jioni. Alasiri alifuta komenti nyingine, iliyomtaja Mama Breki kwa jina. Kisha zikaja kwa makundi, haraka kuliko kidole chake. Alipoiondoa, jua lilikuwa linazama na watu walishaihifadhi kwenye simu zao na kurushiana.

Usingizi haukuja, na hakustahili kuupata. Alimpigia mama mkubwa, simu haikupokelewa. Kulipokucha akapiga moyo konde akaenda uwanjani.

Gari lilikuwa pale kati ya mapipa ya mazoezi, na viti vyake vilikuwa vitupu. Makava yamevuliwa yote, sponji la njano limechungulia kwenye matundu. Kijana mmoja alikuwa kwenye usukani. Wanafunzi wengine walisubiri kwenye benchi, na walipomwona fundi wakaangalia simu zao, kisha wakaziweka mfukoni haraka, na adabu ile ilimchoma kuliko matusi. Mama mkubwa alimtoa kijana kwa ishara ya kichwa. Fundi akaketi penye usukani, akafunga mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya chini. Alikuwa amevaa koti kubwa, na joto lile. "Nduguyo wa ng'ambo alipiga jana alasiri."

Fundi akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Ametumiwa na rafiki yake niliyemfundisha. Ananiuliza, mama, lile gauni ni la nani? Nikamwambia sijui gauni gani. Akasema, mama, usinidanganye, ile ni miavuli ya viti vyako." Akalivuta koti kifuani. "Nikamsikia analia. Mwanaume mzima, na mimi siwezi kumshika hata mkono. Ananiuliza kwa nini anasikia mwisho, baada ya watu wa barabarani. Sikuwa na la kumjibu."

"Mama, nisamehe. Mama—"

"Sikulaumu mwanangu." Akamgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu lakini ya upole, na upole huo fundi hakuwa amejiandaa nao. "Nilikasirika jana, sikufichi. Lakini nimekaa nikafikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa naketi juu ya miavuli ile kila siku na sikuwahi kuiona. Wewe ungeionaje? Uliipindua nguo ili unisitiri. Na najua ulipoona tu watu wametambua, uliitoa. Nakujua. Nimekulea mimi."

Hapo ilibaki kunyamaza tu. Kunyamaza, kuinamisha kichwa, kukumbatiwa, na mambo yangekwisha. Fundi aliona uso unamwaka moto, masikio yanamwaka, hata mikono juu ya usukani aliionea haya. Angemwomba Mungu ardhi ipasuke, lakini angekimbilia kwa nani, ikiwa mtu wa kumkimbilia ndiye huyu?

"Niliona mchana," akasema.

"Uliona nini?"

"Komenti ya kwanza. Ya mtu aliyesema ameikalia miavuli. Niliiona mchana, nikiwa nakula. Nikaifuta komenti. Video nikaiacha mpaka jioni."

Mama mkubwa alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

"Ukaiacha kwa nini?"

"Ilikuwa inapanda."

"Inapanda."

"Watu... watazamaji. Na kuna mwenye duka aliniandikia. Nikasema jioni nitaitoa."

"Mchana mwanangu alikuwa bado hajui," alisema mama mkubwa, polepole, akijisemea mwenyewe. "Mchana alinipigia, tukataniana. Alikuwa ananiuliza aniletee zawadi gani."

Fundi alianza kulia. Mama mkubwa hakumbembeleza na hakumkaripia, na fundi alitamani sana kukaripiwa, kwa sauti ile inayosikika hadi barabara ya pili. Kwenye benchi mtu alikohoa.

"Mji huu wote nimeuficha," mama mkubwa alisema mwisho. "Wewe peke yako ndiye niliyekuwa navua nguo mbele yako bila kugeuka ukutani." Akavuta pumzi. "Mifuko ya miavuli nimeifumua yote. Lile gauni lililoko kwako niletee kama lilivyo, usiliguse. Nitatafuta fundi mwingine."

"Mama, fundi mwingine hataweza, hajui mkanda unavyo—"

"Nitamwonesha. Itabidi nimwoneshe." Akaangalia mbele, kwenye mapipa. "Shuka sasa. Watoto wa watu wananisubiri."

Fundi alishuka. Yule kijana akarudi kwenye usukani, akainama kurekebisha kiti, akakwepa kutazama upande wa mwalimu wake.

"Mkanda," mama mkubwa akamwambia kijana. Kisha akavuta na wa kwake, akaufunga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuingiza ndani ya koti, akaushikilia mto usipande, na alikuwa bado ameushikilia hivyo gari lilipoondoka.