Goti la Verna Betz

"Mume wangu atatembea kwa goti lililotengenezwa juu ya mawingu!" Verna Betz alitangaza kwenye karamu ya samaki ya parokia, kipaza sauti mkononi, mbele ya nusu ya mji wao mdogo wa Indiana. Alipigiwa makofi. Bia nayo ilichangia.

Verna alikuwa nesi kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, maabara moja ilimwajiri kujaza seli hai kwenye mabomba ya sindano yanayopelekwa kituo cha angani, ambako mashine huzichapa tabaka juu ya tabaka mpaka ziwe gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti. Duniani seli hizo hulegea na kutandaa kama uji wa mgonjwa. Huko juu hazina uzito, kwa hiyo husimama mpaka zishikane.

Gegedu ya kwanza ilirudi na tundu katikati. Kosa lenyewe lilikuwa la kinesi kabisa: Verna aliacha kiputo cha hewa nyuma ya seli, kama alivyozoea wodini, ili kisukume tone la mwisho. Hapa chini kiputo kina adabu, hukaa juu. Kule hakuna juu. Kilizurura humo mpaka kikafika mdomoni mwa sindano.

Mjini hawakumhurumia.

"Verna, nasikia goti lako lina dirisha," jirani alimwambia dukani.

"Upepo upite, shoga," alijibu, kisha akaenda kulia ndani ya gari.

Bosi wake, Tobin, kijana mpole, hakuzungusha maneno. "Mama Verna, imebaki safari moja. Kikionekana kiputo kingine, kazi hii nampa mtu mwingine."

Basi Verna akawa anafanya mazoezi jikoni, akijaza asali badala ya seli. Elroy, mumewe, aliyelima mahindi mpaka goti likasagika, alinyoosha mguu juu ya kiti na kuinua kila bomba kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili?"

"Lina kimoja. Kidogo kama jicho la sisimizi."

"Macho yako mabovu, mzee."

"Kibovu ni goti. Macho ndiyo yaliyokuchagua."

"Ndiyo maana nayatilia shaka."

Walifika mabomba mia mbili na kitu. Vidole vya Verna vilipokufa ganzi, Elroy alivikanda kimoja kimoja.

Safari ya pili iliporudi, Tobin aliiweka gegedu chini ya taa. Nyeupe, nyembamba, imepinda kama mwezi mwandamo. Haikuwa na tundu. Verna alitoka nje akapiga simu.

"Ni nzima, Elroy."

"Sikuwa na wasiwasi, bibie. Nawekewa lini?"

"Wanasema miaka kumi, labda kumi na miwili. Wanaanza na mbuzi."

"Mimi nina sabini na minne."

"Najua, mpenzi."

"Huyo mbuzi ana mingapi?"

Verna alicheka mpaka akavua miwani aifute, na akaendelea kuifuta hata kicheko kilipokwisha. Akirudi nyumbani alipita duka la dawa. Fimbo za kutembelea zilikuwa za aina tatu. Kila moja aliiegemea kwa uzito wake wote, akachukua ambayo haikutikisika. Ya alumini, mpini wa mpira. Dola kumi na tisa na senti tisini na tisa.