Mapazia ya Mpira ya Gari la Baba

Juzi nilikuwa Malindi kumtazama mgonjwa, na katika kukatiza mtaa tuliokulia nikakuta vijana wameinua gari la zamani juu ya magogo, lile la pua ndefu na taa za mviringo, wanalifufua. Mmoja alikuwa amelala ubavu penye gurudumu, mkononi ana kipande cha mpira mweusi, anakigeuza huku na huku, hajui upande upi uende juu. Nikajisemea nipite. Miguu ikakataa. Nilisimama pale juani na mkoba wangu begani, vidole vinaniwasha, mpaka mwenzake akaniuliza kwa adabu, "Mama, kuna mtu wamtafuta?"

Nikamwambia hapana, nikaenda zangu. Lakini siku nzima sikutulia, na ndiyo maana nakusimulia wewe haya.

Baba alikuwa na gari kama lile, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mkulima aliyekuwa akihama, tayari likiwa kuukuu, rangi yake ya maziwa imekwisha kuwa manjano. Alilipenda mno. Kisha akapata kazi Uarabuni, akaondoka na sanduku moja, na funguo akamwachia ami, mdogo wake, kwa kuwa katika nyumba yetu hapakuwa na mwingine aliyejua kuendesha. Mama aliachiwa kazi ya kulifunika turubai jua likiwa kali.

Gari lile lilikuwa na ila moja. Ukifungua boneti utaona bati lililotenga injini na gurudumu la mbele, kila upande, na katika bati hilo mna mwanya mkubwa unaopitisha mkono wa chuma ulioshika gurudumu. Mwanya huo huzibwa kwa kipande cha mpira, ili maji na tope yanayorushwa na tairi yasirukie injini. Baba akiviita vipande hivyo mapazia. Vya gari letu vilikuwa vimechanika, naye alivitoa, akavitia guniani, akasema atatuma vipya kutoka huko aendako. Wakati wa kiangazi hakuna aliyevikumbuka.

Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa. Baba alipoondoka ndiyo ikazidi. Ataanza kukuna nazi, aiache, aende kufagia ua uliokwisha kufagiwa, atoke hapo asimame mlangoni na leso begani kama anayengoja kuitwa. Alihamisha vitanda mara kwa mara hata tukawa hatujui tutalala tumeelekea wapi. Bibi, mamake baba, alikuwa akishona kofia barazani mchana kutwa, na kila mama akimpita husema bila kuinua macho, "Wewe mwanamke, utatuzungusha pamoja na nyumba yenyewe."

Masika yakaja. Tulikuwa tumekwenda Mambrui kuhani msiba, ami akituendesha, na wakati wa kurudi mvua ikatukuta kabla ya daraja la Sabaki. Palikuwa na bonde dogo ambapo maji yalikuwa yamekata njia. Ami akaingia kwa kasi. Nilisikia maji yakipiga chini ya miguu yetu, injini ikakohoa, ikanyamaza katikati ya dimbwi.

Ami alijaribu ufunguo, akajaribu tena, akatukana, akashuka. Ikatokea pikapu iliyojaa makaa, akairukia nyuma na kupiga kelele, "Ngojeni hapa, namleta fundi!" Wala hakurudi.

Tulikaa ndani ya gari, mama, bibi na mimi. Vioo viliingia ukungu, buibui zetu zilizoloa zikanuka, mvua ikawa inapiga paa hata hatusikizani. Bibi akavuta uradi. Mama alikuwa akifungua kioo, akikifunga, akikifungua. Mwishowe akavua viatu, akashuka ndani ya maji yaliyomfika magotini, akainua boneti. Nikamfuata. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinachuruzika tope. Kushoto na kulia, ile mianya miwili ilikuwa wazi, na kupitia mmoja niliona maji ya njiani yakimeta.

"Hebu tazama," mama akasema. "Hili gari halina ugonjwa. Limeachwa wazi tu."

Mvua ilipopungua alivua leso yake ya ndani, akafuta nyaya zote, akafuta plagi, akapuliza, akafuta tena. Kisha akaketi kitini kwa ami na kugeuza ufunguo, ambao ami aliuacha pale pale. Injini ikawaka! Bibi akapiga kigelegele. Mama akacheka, nami nikacheka, halafu sote tukaukodolea macho usukani. Gari lilikuwa linanguruma, tayari kwenda, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kulipeleka.

Tulirudishwa mjini na dereva wa lori aliyetuhurumia, akamwacha utingo wake na lori, akatuendesha mpaka mlangoni. Njia nzima mama alikuwa akiitazama miguu ya yule dereva.

Asubuhi ami akaja, kanzu safi, mswaki mdomoni. "Gari limekufa," akasema. "Nimempata mtu wa Kilifi, atalichukua hivyo hivyo lilivyo. Siku ya arusi ya jamaa zetu Mambrui nitamwonyesha."

"Halijafa, shemeji," mama akamjibu. "Liliwaka."

"Liliwashwa na nani?"

"Nami."

Ami akatema povu la mswaki, akaenda zake, funguo hakuziuliza.

Siku hiyo hiyo mama alilivuta lile gunia. Mapazia yalikuwa yamekauka, yamekunjamana kama ngozi ya papa. Alikwenda kwa mziba pancha akarudi na mpira wa ndani wa tairi la lori, akautandika ua mzima. Bibi akaweka kofia yake kando. Akaviunganisha vile vipande vilivyochanika juu ya mpira, akachora kwa chaki, na mama akakata kwa mkasi wa kukatia vitambaa, akiuma meno. Matundu aliyatoboa bibi kwa ule msharasi wake mwembamba wa kutobolea vishimo vya kofia, na wallahi yalikaa sawa sawa kama ya kofia ya bwana arusi.

Mkono ulioingia kule nyuma ya bati ulikuwa wangu. Wa mama ulikwama kwenye kiwiko. Kuushikiza mpira kwenye bati tulitumia spoki za baiskeli, tukazikata na kuzikunja. Mama azisukume kutoka upande wa gurudumu, nami nizipokee upande wa injini na kuzipinda kwa koleo. Nilikwaruzika hata kifundo. Nakumbuka harufu ya mpira, mafuta na kutu, na mbaazi zikichemka jikoni bila wa kuzitazama. Majirani walipita wakichungulia. Mmoja akauliza kama baba keshafiwa na wanaume wa kwao wote. Bibi akamjibu, "Wapo. Wamelala."

Tulipomaliza lilipendeza. Mama akashusha jeki taratibu. Gari lilipokuwa linakaa chini, tukasikia pwaa! upande wa kushoto, halafu pwaa! upande wa kulia, na mapazia yote mawili yakang'oka. Tulikuwa tumeyafunga gurudumu likiwa linaning'inia. Lilipopanda mahali pake, ule mkono wa chuma uliusukuma mpira na spoki zikachomoka.

Mama aliketi mchangani. Mwanamke ambaye sikupata kumwona ameketi bila kazi mkononi, aliketi, mikono imemlalia mapajani imejaa grisi, na machozi yakamtoka bila sauti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule kwenye maji. "Atalichukua tu," akasema. "Atalichukua, nami nitabaki kufagia."

Bibi akaja akiburura miguu, akainama, akachungulia. "Wewe umempima mtu amelala, kisha wamvika asimame," akasema. "Nguo gani haitapasuka? Inuka, tupime tena."

Tulipima tena, safari hii magurudumu yakiwa juu ya mawe, gari limekaa kama linavyokaa njiani. Mpira tulioukata mara ya pili ulikuwa na ufa mrefu chini, chuma kicheze humo kitakavyo. Ilituchukua muda, kwa kuwa mvua ilikuwa ikija na kuondoka, nasi tukilala chini ya gari kama paka. Mapazia yakashika.

Jioni mama alikuwa na shughuli nyingine. Mwalimu wangu alikuwa amepanga chumba nyumba ya pili. Alikuwa mwanamke wa Vitengeni, Mkristo, mcheshi, aliyejifunza kuendesha kwa lori la babake la kubebea mahindi. Mama alipomwendea, mwalimu alidhani amemjia kwa habari ya hesabu zangu. "Mwalimu," mama akamwambia, "nifundishe mimi." Basi kila siku masomo yakiisha walikwenda uwanja wa mpira, na mimi nyuma, gari linaruka kama chura, mwalimu anapiga kelele, "Klachi, mama! Klachi, si breki!" Mama akachukua kibali cha mwanafunzi, tukafunga ile herufi L nyekundu mbele na nyuma. Ami hakuyajua haya. Siku hizo alikuwa akishinda Kilifi, huko Bofa, kwenye hoteli.

Siku ya arusi iliamka na mvua nzito. Ami akatuma ujumbe kwamba katika maji kama yale gari lile haliendi popote, yeye keshatangulia na mnunuzi wake kwa gari la mnunuzi, nasi tubaki nyumbani; kesho watakuja kulichukua hapa hapa. Mama aliusikiliza ujumbe amesimama. Alikuwa amekwisha kuvaa. Akaingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Kisha akamtazama bibi, kwa maana bibi ndiye mamake ami, na bila radhi yake tusingekwenda.

Bibi alikuwa anaingia garini.

Mwalimu alikaa mbele kando ya mama, mimi na bibi nyuma, sinia ya kaimati magotini mwetu. Mama aliendesha amesogea mbele hata pua inakaribia kioo. Daraja tukalivuka. Lile bonde tuliliona kwa mbali, limejaa kuliko siku ile, na watu wamesimama kando wanatazama ni nani atakayekwama. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Gia ya kwanza. Usiondoe mguu kwenye mafuta. Usisimame hata kidogo." Tukaingia. Maji yalipiga kule chini kwa kishindo, nikafumba macho, nikawa nasikiliza injini tu, kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Ilinguruma. Ikanguruma. Nilipofumbua macho tulikuwa tunapanda upande wa pili, na mama alikuwa analia na kucheka, anauliza, "Limezima? Limezima?"

"Mama, tumeshavuka," mwalimu akamwambia. "Tazama njia!"

Pale Mambrui ami alitoka nje ya ukumbi na kanzu yake, mtu wa Kilifi nyuma yake. Akalitazama gari, akatazama tope lililofika milangoni.

"Nani kaliendesha?"

"Mimi," akasema bibi, akishuka na sinia yake.

Wanawake waliokuwa mlangoni walipasua vigelegele, na ami uso ukamwiva. "Kaka atayasikia haya," akasema.

"Mwambie," bibi akamjibu. "Na umwambie mamake alikuwemo."

Mtu wa Kilifi alilizunguka gari, akainama, akalisifu. Mama akamwambia kwa heshima zote kwamba ametaabika bure, gari haliuzwi, na akamkaribisha biriani. Ami hakutukanyagia kwetu muda mrefu baada ya hapo, na kwa kweli masikilizano yake na mama hayakupata kurudi sawa.

Lakini alimwambia baba. Baba akapiga simu dukani kwa jirani, mama akaitwa, nami nikamfuata mbio. Duka lilikuwa limejaa watu waliojifanya wananunua sukari. Mama aliushika mkonga kwa mikono miwili. "Naam," akasema. "Naam. Ni kweli." Kisha akasikiliza, mkonga ameubana sikioni. Halafu uso ukamfunguka, akaanza kueleza haraka haraka, mkono mmoja hewani unachora: hapana, wa kushoto ndio uliosumbua, tulikata ufa, tukatumia spoki. Baba hakuuliza jambo jingine. Walizungumza habari za mpira ule mpaka muda ukaisha.

Sasa wengi wa hao hawapo. Bibi tulimzika Mambrui. Mwalimu alirudi Vitengeni, na nilipomtafuta nikaambiwa naye ametangulia. Ua wetu umejengwa vyumba vya kupangisha, uwanja wa mpira una maduka. Gari mama aliliuza mwenyewe lilipochoka, akampa funguo mnunuzi na kurudi jikoni, hakugeuka. Leo hii natazama wanawake wa mji ule wakipita na magari yao, hakuna anayesimama kuwakodolea macho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila mimi sijazoea. Nikisikia injini mvuani, moyo bado unanienda mbio.

Baba aliporudi asiondoke tena, gari lingali letu, tulikwenda nalo kumpokea kituo cha basi. Alikuwa amepungua, mvi zimemwingia. Akatukumbatia, akambusu bibi mkono, akatia sanduku nyuma. Mama alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, funguo mkononi, hajui aziweke wapi. Baba alilitazama gari lake kwa muda. Kisha akazunguka mbele ya boneti, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akaweka kofia yake magotini.

"Haya, mama watoto," akasema. "Nipeleke nyumbani."