Maneno Niliyoyameza Mahongole

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Juni, baridi ya Mahongole ikiwa imekaza kweli, ambayo haijanitoka kichwani hata nilivyozeeka hivi. Ndiyo siku bibi mmoja aliponiambia mlangoni mwa kanisa kwamba nimemwibia. Kwa kuwa Jumatatu unapanda basi Makambako, uende Dar ukapande ndege ya ng'ambo kujitolea wiki tatu kwa niaba ya usharika wetu, kaa kidogo nikusimulie. Begi utafunga baadaye.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na Kiingereza changu kilikuwa kimenivimbisha kichwa. Wakaja Wakristo wenzetu kumi na wawili kutoka ng'ambo, nao kujitolea wiki mbili. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu, mpole, akiitwa Karin. Walikuja na mpango wa kulipaka rangi kanisa letu, nami nikajitolea kuwa mkalimani wao.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Karin akauliza kama wenyeji wana neno. Akasimama Bibi Yustina, mjane aliyeongoza umoja wa wanawake. Akaanza na "kamwene" kwa kila mgeni, mmoja mmoja, wote kumi na wawili, maana kwetu huanzi maneno kabla ya salamu. Kisha akaeleza. Rangi ya kanisa bado ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa chemchemi. Ng'ombe waliikanyaga, watoto waliharisha, na mjukuu wake mwenyewe alikuwa amelazwa wiki hiyo kwa ajili ya maji yale. Mawe tunayo, akasema, na mikono tunayo, tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha namna ya kuijengea. Alisema mpaka akakohoa.

Sasa mimi, nilivyolelewa, mgeni hupewa viazi vya moto na shukrani. Haambiwi kwamba alicholeta hakihitajiki. Nikamgeukia Karin nikasema, "Bibi anashukuru sana, Mungu awabariki." Wageni wakapiga makofi. Karin akauliza tunapenda rangi gani, na wakapanga kwenda Makambako kesho yake kuinunua.

Bibi Yustina hakujua hata neno moja la Kiingereza, lakini masikio alikuwa nayo. Alinikuta mlangoni, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, mimi nimesema mpaka koo limekauka. Wewe umesema kama mtu anayepiga chafya. Yale mengine umeyaweka wapi?"

Nikajitetea kwamba niliwaheshimu wageni.

"Hukuwaheshimu. Wamevuka bahari waje kutusaidia, wewe ukawaficha shida yetu. Na maneno yale yalikuwa yangu. Umeniibia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliogopa wageni watakasirika na kuondoka, na mwinjilisti wa kanisa letu ataniona mhuni. Lakini nilipomfikiria yule mtoto hospitalini, uoga wangu ukaonekana kitu cha kijinga.

Asubuhi nikalikuta gari linaunguruma, tayari kwenda kununua rangi. Nikasimama mlangoni pa gari, nikamweleza Karin, aliyeshika usukani, kila kitu, kuanzia kamwene hadi kikohozi. Kisha akauliza ni maneno mangapi mengine nimeyameza tangu wafike. Nikatubu yote, hata lile la wazee wa kwaya waliosema kwamba wageni wanapiga gitaa kama wanafukuzwa. Hapo akacheka mpaka akafuta machozi, akazima gari, akasema nimpeleke chemchemini.

Kumbe kati yao alikuwepo fundi bomba, kijana aliyekuwa akishangaa tangu afike kwa nini amepewa brashi. Badala ya rangi wakanunua saruji na mabomba. Wanaume wakachimba, wanawake wakabeba mawe huku wanaimba, na wageni wakajaa tope hadi magotini, wamefurahi kuliko siku zote. Ilipobaki siku moja waondoke, maji yakatoka bombani, meupe na baridi. Mwanangu, nilipiga kelele kama mwendawazimu, na wala sioni haya.

Bibi Yustina akanywa wa kwanza, akamnywesha mjukuu wake aliyekwisha kupona, kisha akahutubia kirefu. Nami nikatafsiri yote, neno kwa neno, hata aliposema kwamba mkalimani huyu alikuwa mwizi lakini amerudisha mali. Wageni walicheka, na mimi sijawahi kujivunia jina baya kama siku ile. Maji hayo ndiyo uliyonywa utotoni.

Sasa mgeni ni wewe. Huko utapewa chai nzuri na shukrani nyingi, maana adabu ipo kila mahali. Usiridhike haraka. Ukiona mtu amesema kirefu nawe umeletewa kifupi, uliza tena kwa upole, hata mara tatu. Wakikuonyesha kazi ambayo hukuifikiria, ikubali, iwe ni kuosha vyombo au kukaa tu na mzee mpweke. Nawe ukiulizwa habari za kwetu, usiturembe. Waeleze tulivyo.

Nenda, mwanangu, kichwa juu. Bwana akutangulie njiani, akupe mwenyeji mkweli na sikio la Bibi Yustina, na kila neno utakaloambiwa likufikie lote.